Neno Lisilo na Dhambi

Ndugu yangu Bethwel alitafuta neno moja wiki nzima, na alipolipata akaja kunionyesha shambani, amekumbatia kamusi kifuani kama mtu aliyebeba kuku wa kuuza.

Mimi nilikuwa kwenye majani, kikapu mgongoni, vidole vikikimbizana na lori la kukusanya chai kituoni. Mtu mwenye akili hamsimamishi mchumaji wa chai saa kama hiyo. Lakini mwalimu mstaafu hudhani dunia nzima iko likizoni pamoja naye. Alisimama kati ya mistari miwili ya chai, suruali ameikunja isilowe umande, akakohoa kile kikohozi chake cha kulinyamazisha darasa la saba.

"Dada Tecla," akasema, "chuki ni dhambi."

"Hilo umelijua leo? Nenda kamwambie mchungaji, atafurahi. Mimi nina majani."

"Sikiliza kwanza. Ikiwa chuki ni dhambi, basi siwezi kusimama mbele ya watu nikasema nina chuki. Kinyongo je? Nimelichunguza. Asili yake ni nyongo, hii ya kwenye ini. Wahenga waliona mtu aliyekosewa hubaki na uchungu ndani, hautoki. Tatizo la kinyongo ni kwamba watu watauliza, je, ulikosewa nini?"

"Na ulikosewa nini?"

Akaliruka swali langu kama mtu anavyoruka mtaro. "Kinyaa nacho hakifai. Asili yake ni choo, uniwie radhi. Ni ile hali ya kuona uchafu, tumbo likakataa. Ukimwambia mtu mzima unamwonea kinyaa, umemwita mavi mbele ya wazee."

"Kwa hiyo umetoka nyumbani kwako asubuhi yote hii kuja kuniambia mavi."

"Tecla! Sikiliza. Nimelipata." Akafungua kamusi mahali alipoweka unyasi. "Makuruhi. Ni Kiarabu. Mzizi wake ni ule ule wa karaha, wa kukirihi, mambo ya kutopenda. Nilielezwa chuoni na mwenzangu mmoja Mwislamu. Kwao kuna haramu, hiyo ukiitenda umepotea. Kuna halali. Sasa katikati hapo kuna makuruhi. Si dhambi, ila haipendezi, afadhali iachwe. Umeona? Kutopenda kusiko na dhambi ndani yake! Wenzetu walishafikiria zamani."

"Mwenzako alikupa mfano gani?"

Akafunga kamusi. "Kula kitunguu saumu kibichi, halafu uende kusali na watu. Unawanukia."

Nilicheka hadi majani yakamwagika kutoka kikapuni. Watu wa heshima wametunga neno la kujizuia wasiwanukie wenzao mbele ya Mungu, na ndugu yangu anataka kuliazima akazuie nalo harusi ya mtoto wake. Kisha hilo neno lenyewe alitaka litoke kinywani mwangu.

Ngoja nieleze. Mtoto mwenyewe ni Cheptoo, binti yake wa kwanza, fundi cherehani pale Kapkatet, msichana asiyejua kelele. Aliyemtaka ni Nyagaka, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani, Mkisii wa upande wa Chepilat, mtoto wa mjane anayeitwa Mellen. Jumamosi ile watu wa Nyagaka walikuwa wanakuja kwa Bethwel kwa koito, yale mazungumzo ya kuposa ambayo yakiisha vizuri watu hupakwa siagi na kula mbuzi. Bethwel hakuwataka. Lakini Bethwel huyo huyo alikuwa amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa, na Jumapili iliyofuata alikuwa aombewe mbele ya ushirika mzima. Mchungaji wetu naye, mwaka ule wa tisini na sita, alikuwa hahubiri kitu kingine ila chuki: anayemchukia ndugu yake ni kama amekwisha kumuua, mwenye nayo asiiguse meza ya Bwana. Watu walikuwa bado wanakumbuka vita vya tisini na mbili, vya mpakani kati yetu na Wakisii, na mchungaji alijua wanakumbuka.

Basi ndugu yangu alikuwa amebanwa. Alitaka kuwafukuza Wakisii nyumbani kwake, na bado aonekane msafi kama shuka ya meza ya kanisa.

Katika ukoo wetu baba hakatai posa kwa kinywa chake. Kukataa kwa baba huhesabiwa kuwa laana kwa msichana. Anayekataa ni dada wa baba, senge, yaani mimi, na senge akikataa hakuna mahali pa kukata rufaa. Ila kukataa kuna sharti lake: lazima utaje sababu mbele ya watu wote, na yule uliyemtaja apewe nafasi ya kujibu. Kwa hiyo Bethwel alihitaji kinywa changu na alihitaji sababu. Kinywa hakuwa nacho, sababu hakuwa nayo. Ndiyo maana alikuja na kamusi.

"Utasema hivi tu," akaniambia. "Ndoa hii kwetu ni makuruhi. Hawataelewa, na kwa kuwa hawataelewa hawatakasirika. Watakunywa chai waende."

"Jumamosi nitasema neno langu," nikamjibu.

Akanishukuru, akashuka mteremko akiwa mwepesi. Alidhani neno langu na neno lake ni kitu kimoja. Sikumsahihisha. Mtu aliyesahihisha wenzake miaka thelathini, acha naye akosee kidogo.

Sasa, msije mkadhani mimi ni mtakatifu. Mellen mwenyewe simpendi. Ana sauti ya kuuzia ndizi hata anapoomba, na mboga zake hupikwa kavu, bila tone la maziwa, kana kwamba ng'ombe hajaumbwa. Akikukumbatia anakupiga mgongo kwa nguvu, kama anayetafuta vumbi kwenye godoro. Simpendi na sijawahi kuhitaji kamusi kulijua hilo. Lakini mimi najua kwa nini simpendi. Bethwel pia anajua kwa nini hampendi, na hiyo sababu ndiyo aliyokuwa akiizunguka na Kiarabu chake.

Vita vilipozuka, Bethwel alikuwa akifundisha shule moja ya msingi upande ule wa mpakani, amepanga chumba karibu na soko la Chepilat. Vijana wetu walikuwa wamechoma nyumba za watu, na vijana wa upande wa pili wakatoka kutafuta wa kulipa. Katika wa kulipa, mwalimu wa Kiswahili mwenye jina la kabila letu alikuwa karibu sana. Wenzake wote wa kwetu walikuwa wameondoka siku iliyotangulia. Yeye alibaki kumalizia kusahihisha mitihani. Hayo aliniambia mwenyewe.

Mellen ndiye aliyemfungulia mlango wa jikoni. Alimvalisha gauni lake la manjano la kanisani, akamfunga kitambaa kichwani, akamtwika mkungu wa ndizi, akamshika mkono wakatoka mchana kweupe. Barabarani vijana walikuwa wamepanga mawe. Mellen akawaambia huyu ni wifi yangu, ni bubu, na kichwa chake si kizuri, nampeleka kwa watu wake. Mwalimu wa Kiswahili, mtu asiyeweza kupita mkutano bila kutoa hotuba, alivuka mpaka akiwa bubu! Kijana mmoja akamwangalia huyo wifi mrefu mwenye miguu ya kuku, akampiga kofi la makalio. Vijana wakaangua kicheko. Mellen naye akacheka pamoja nao, akacheka kwa ile sauti yake yote. Wakawapisha.

Jioni ile Bethwel alifika kwenye lango langu akiwa bado na gauni. Nilimwosha miguu. Alilia hadi akapaliwa, akasema Mellen ameniokoa, Tecla, yule mama ameniokoa. Kisha akanishika mkono akanitaka niape kwamba sitamwambia mtu, hata mkewe Nelvine. Niliapa, na kiapo hicho sijakivunja mbele ya mtu aliye hai wa ukoo wetu. Nyie si wa ukoo wetu.

Ule mwezi wa kwanza alimtaja Mellen katika sala. Mwezi wa pili akaacha. Baadaye ikawa akisikia jina lake anaondoka chumbani. Mwaka wa tatu nikamsikia akiwaambia watu kwamba wanawake wa upande ule hawana adabu, wanacheka ovyo. Asante ya punda ni mateke, walisema wa zamani, lakini punda angalau hakusomea ualimu.

Cheptoo alikuja kwangu Ijumaa. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, hakugusa chai.

"Senge," akasema, "Baba amesema wewe ndio utaongea kesho. Utasema nini?"

"Utasikia na wengine."

"Mimi sielewi hiyo shida yake. Nyagaka hajamkosea. Hao watu hawajamkosea. Nikimuuliza ananiambia eti kuna maneno nitaelewa nikiwa mkubwa, na mimi niko na miaka ishirini na nne." Akawa anakunja na kukunjua pindo la sweta. "Nyagaka amepata kazi Nakuru. Mkikataa kesho, tutaenda tu. Lakini sitarudi hapa, senge. Nisikudanganye. Siwezi kuwa naleta watoto kwa nyumba yenye walikataliwa bila sababu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto wa Bethwel akisema jambo kwa sauti ya chini, jambo hilo limekwisha. Nilimwona akilini yule mpumbavu, ndugu yangu, akibaki na mkewe na kamusi yake, wakisubiri mlango ubishwe na wajukuu ambao hawatakuja. Usiku ule nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia tangu tukiwa watoto.

Jumamosi ikafika. Viti vilikuwa vya kanisa, vimeazimwa, na Nelvine alikuwa ametandika vitambaa vya kufuma hadi juu ya redio. Wageni walikuwa watu wanane. Msemaji wao alikuwa Arasa, kaka yake Mellen, mzee mfupi mwenye koti kubwa. Mellen alikaa karibu naye, kitambaa kipya kichwani, magoti wazi kama mtu aliye kwenye meza yake ya sokoni. Nyagaka alikuwa karibu na mlango, anatoka jasho. Upande wetu aliongoza Gibson, mzee wa ukoo na pia wa kanisa, mtu wa maneno machache, ambaye ulimi wake hugeuza g kuwa k na b kuwa p.

Bethwel alikuwa ameagiza mursik itolewe kwanza kabisa, kabla hata ya salamu kwisha. Nilijua nia yake. Alitumaini wageni waone yale maziwa yaliyolala kwenye kibuyu na majivu yake, wakunje nyuso, ndipo apate pa kuanzia. Maskini. Watu wa mpakani wamekunywa mursik yetu tangu babu zao. Mellen alimaliza kikombe chake, akapangusa mdomo kwa kiganja, akamwambia Nelvine, "Mama Cheptoo, ongeza. Hii imeiva." Bethwel akatazama dari.

Maneno ya kawaida yakapita: tumekuja kutafuta kitu, mnatafuta nini, tumeona nyumba hii ina ndama, na kadhalika. Kisha Gibson akanigeukia.

"Senge, sisi tumesikia wakeni. Sasa sema wewe."

Jikoni sufuria zikaacha kugongana, nikajua Cheptoo amesimama nyuma ya pazia. Bethwel alikuwa amenikazia macho, midomo yake ikicheza kidogo, akinisaidia kulitamka lile neno lake.

"Ndugu yangu alinipa neno niwaletee," nikasema. "Neno lenyewe halina ubaya, wenyewe wanalitumia kwa busara. Lakini si langu, na sababu yake si yangu kuitaja. Neno langu mimi ni hili: sikatai. Kama kuna mtu humu anayekataa, akatae kwa kinywa chake, na aseme sababu."

Nikakaa. Bethwel aligeuka rangi ya chai ya maziwa. Mtu mwingine angenyamaza, jambo likapita, akala nyama. Lakini huyu alikuwa mwalimu, na somo lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Akasimama.

"Wazee, wageni wetu," akaanza, "mimi sikatai. Baba hakatai. Mimi nataka tu kuweka jambo mahali pake. Kuna vitu vya haramu na kuna vitu vya halali. Katikati, ndugu zangu, kuna kitu kinaitwa makuruhi..."

Akaeleza yote. Mzizi, karaha, kukirihi, Kiarabu, chuoni. Alikuwa ameinua kidole, na kwa muda kidogo alionekana mwenye furaha kabisa. Kitunguu saumu hakukitaja. Alipomaliza, Gibson alikuna kidevu.

"Mwalimu," akasema, "hiyo neno ni ya tini kani?"

"Ni ya Kiislamu, mzee, lakini maana yake..."

"Na Chumapili unaompewa kuwa mzee wa kanisa letu?"

Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Arasa akasogeza kiti chake mbele.

"Mwalimu, sisi tunakuheshimu. Lakini hatukukuja darasa. Umekataa ama umekubali?"

"Sijasema nimekataa."

"Basi umekubali?"

"Nasema haipendezi."

"Haimpendezi nani?" Arasa akauliza.

Gibson akapiga sakafu kwa fimbo yake, mara moja. "Hapana. Sisi tuna njia yetu. Mtu akisema hapendi, anasema sapapu. Sapapu ni nini, Mwalimu?"

"Hakuna sababu mahususi."

Mahususi! Hata hapo, ukingoni kabisa, alipata neno la kujifunika. Nilitamani nimvute koti akae.

Ndipo Gibson akafanya lile ambalo sikulitarajia. Akamgeukia Mellen. "Mama, kama yeye hana, wewe uko na neno na Mwalimu? Kama liko kati yenu, litoke leo. Siaki haipakwi juu ya kitu imefichwa."

Nilimtazama ndugu yangu, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza siku ile nilimhurumia. Uso wake ulikuwa umekauka. Alikuwa analiona: gauni la manjano likitandikwa pale katikati ya chumba, mbele ya wakwe, mbele ya mkewe na bintiye, mbele ya Gibson ambaye angemwombea Jumapili. Mellen alikuwa na habari yote mdomoni. Angeweza kumuuza hapo hapo, kwa bei aliyotaka.

Mellen akajikohoza. "Neno niko nalo," akasema. "Mimi huyu mwalimu simpendangi."

Arasa akageuka kumtazama dada yake.

"Simpendangi, hata nisidanganye wazee. Tangu akifundisha kule kwetu. Alikuwa anakuja kwa meza yangu anafinya ndizi na kidole gumba, moja, moja, moja, mpaka zinakuwa nyeusi. Halafu anaenda ananunua kwa jirani! Mwaka mzima. Na akiwa anafinya ananieleza neno ndizi limetoka wapi. Mimi watoto wanangojea unga, yeye ananieleza ndizi. Nikasema, huyu mtu, Mungu anisamehe, simpendi."

Kicheko kililipuka hadi paa likatetema. Nelvine alijifunika uso kwa leso, maana na yeye ndizi zake zilikuwa zikifinywa miaka yote. Gibson alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Mellen mwenyewe alicheka kuliko wote, kwa ile sauti yake inayofika ng'ambo ya bonde.

Bethwel akaruka kutoka mahali aliposimama kama aliyechomwa na siafu.

"Mnaona?" akapaza sauti. "Mnaona anavyocheka? Ni hivyo hivyo! Hata siku ile alinicheka! Alisimama na wao, mkono wangu ameushika, akanicheka!"

Kicheko kikakatika.

"Siku kani?" akauliza Gibson.

Bethwel alifungua mdomo. Hakikutoka Kiarabu, hakikutoka Kiswahili, wala lugha ya mama yetu. Kamusi ilikuwa chini ya kiti chake na hakuitazama.

Mellen hakuwa akicheka tena. Aliyafunika magoti yake kwa leso, akamtazama ndugu yangu. Aliposema alisema polepole, na mimi nilikuwa sijui kwamba mwanamke yule ana sauti ya chini.

"Nilicheka, Mwalimu. Ni kweli. Wale vijana walikuwa na panga. Kama singecheka wangekuangalia mara ya pili." Akaikaza leso magotini. "Na hata siku hiyo nilikuwa sikupendi. Nikikufungulia mlango nilikuwa sikupendi. Sasa ulitaka nikuache nje?"

Hakuna aliyeuliza zaidi. Hao walikuwa watu wazima, wote walikuwapo mwaka ule, na kila mmoja alikuwa na siku yake ambayo hakupenda aulizwe. Arasa alivua kofia yake akaiweka gotini. Gibson alikuwa akitazama ncha ya fimbo.

Pazia la jikoni likasogea, Cheptoo akaingia. Haikuwa desturi msichana aingie kabla ya kuitwa, lakini hakuna aliyemzuia. Alikuja hadi mbele ya baba yake, unga bado uko mikononi.

"Baba," akasema, "unakataa?"

Bethwel alimtazama mtoto wake, halafu akamtazama Mellen juu ya bega la mtoto. Nilifikiri ataeleza. Nilijiandaa kumwonea aibu tena.

"Sikatai," akasema, akakaa.

Nyagaka pale mlangoni alijishika kichwa kwa mikono miwili. Nelvine akaleta siagi kwenye kibakuli cha mti, nami nikawapaka wageni kipajini, mmoja baada ya mwingine, na nilipofika kwa Mellen nilimpaka nyingi kuliko wenzake, si kwa upendo, ila kwa sababu nilipaswa kufanya hivyo. Kwa desturi yetu mama wa mvulana naye humpaka baba wa msichana. Mellen alisimama mbele ya ndugu yangu. Bethwel akainamisha kichwa, akafumba macho, na yule mama akampaka paji na utosi mzima, bila haraka, kama anayemfunga kitambaa. Kisha akampiga mgongo kwa ile nguvu yake ya siku zote, na Bethwel akakohoa.

Watu walipoanza kula nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, sahani ya nyama mkononi haijaguswa. Siagi ilikuwa imeyeyuka kwa jua ikamshukia hadi kwenye kola.

"Hakuwaambia," akasema.

"Hakuwaambia."

"Miaka minne nimekuwa nikingoja awaambie. Leo wamemuuliza mbele ya kila mtu, na hanipendi, amesema mwenyewe. Kwa nini hakusema?"

"Kwa sababu hakupendi tu, Bethwel. Kutokupenda ni kitu kidogo, mtu anaishi nacho na anafanya kazi zake. Hajawahi kukudharau."

Akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi.

"Anayekudharau ni mimi," nikamwambia.

Akainua macho. Yalikuwa mekundu, na sijui kama ni moshi wa nyama. "Tangu jioni ile nilipofika kwako," akasema. "Nilivyokuwa nimevaa."

"Jioni ile?" Nilimpokonya ile sahani, nikaiweka juu ya tangi. "Jioni ile nilikupenda kuliko siku zote za maisha yako, wewe mjinga. Nilianza kukudharau ulipoanza kumchukia mtu aliyenirudishia wewe ukiwa hai."